Mwaka Walipofunga Ghuba Yetu

Mimi pweza wa mjini sinunui. Juzi jioni nilipita pembeni ya soko, Dar es Salaam, nikakuta kijana amepanga pweza wake kwenye sinia, supu inachemka, harufu ya ndimu na pilipili imemkusanyia wateja. Akaniita, "Dada karibu, wa Kilwa huyu, wa jana tu." Nikainama nikamtazama huyo wa Kilwa. Kiganja cha mtoto kingemfunika. Nikamwambia, "Huyu mmemtoa kwenye ziwa la mama yake. Aibu hamna?" Watu wakacheka, mmoja akaniuliza kama mimi ni afisa uvuvi. Nikamjibu kwamba mimi ni binti wa Zuhura, akatikisa kichwa kama anayemjua, nami nikaondoka na njaa yangu.

Lakini chini ya ile ndimu kulikuwa na harufu nyingine, ya pweza mwenyewe kabla hajapikwa, ya chumvi na mawe yaliyolowa, na hiyo ilinifuata mpaka chumbani. Nilikaa kitandani na viatu vyangu miguuni nikikiwaza kitongoji cha kwao mama yangu na ghuba yake. Kuna watu wakikumbuka utoto wanasikitika. Mimi hapana. Nikiukumbuka mwaka ule nafurahi waziwazi, maana ndio mwaka niliompata mama yangu.

Nasema nilimpata kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa namsikia tu. Yeye na baba waliachana nikiwa mdogo mno kukumbuka lolote, akarudi kwao pwani, nami nikabaki Rutamba kwa bibi mzaa baba, katikati ya mikorosho. Nililelewa vizuri, sitaki kusema uongo. Siku moja mwanamke mwembamba akatokea uani, kanga ameifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kupigana, akampa bibi shikamoo, akasema amemfuata mwanawe. Baba hakukataa. Alisema neno moja mbele ya watu, na mama akalikubali mbele ya watu haohao: "Mchukue. Ila siku nikisikia mtoto wangu analala na njaa huko kwenu, nakuja kumchukua na simrudishi tena." Nilikuwa nimesimama nyuma ya bibi na nilisikia kila kitu, ingawa hakuna aliyenitazama.

Kitongoji chao kiko mbele ya Kilwa Kivinje, unafuata mikoko mpaka njia inapoishia. Nyumba zilikuwa chache, za udongo na makuti, msikiti mmoja wa bati, kisima ambacho maji yake yalikuwa na chumvi kidogo hata ukiyachemsha na tangawizi. Ghuba yenyewe ilikuwa ndogo, unaweza kumwita mtu wa ng'ambo ya pili akaitikia. Watoto wa pale walikicheka Kiswahili changu cha bara, wakaniita Mmwera, hata wale ambao bibi zao walikuwa Wamwera watupu. Na kicheko nilijiongezea mwenyewe. Siku za kwanza za bamvua, maji yanapokupwa kuliko siku zote, niliamka nikakuta bahari imeondoka, imebaki michanga na mawe mpaka mbali. Kwetu Rutamba dimbwi likikauka ndio limekwisha mpaka mvua inyeshe. Nikamkimbilia mama nikamwambia bahari yenu imekauka, tufungashe. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akawaita majirani waje wasikie. Nilimnunia siku nyingi.

Mama hakuwa mtu wa kubembeleza. Tulilala kitanda kimoja, mimi nimeelekea ukutani, yeye ameelekea mlangoni, na asubuhi alinigusa bega kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu kama uji umepoa. Nilimwita mama kwa sababu niliambiwa nimwite mama. Mapenzi yake yote aliyatia kwenye kunifundisha kazi, na kazi yake ilikuwa pweza.

Wanaume wa pale walikuwa na ngalawa. Wanawake walikuwa na miguu. Maji yakikupwa walishuka kwenye mwamba kwa miguu, kila mmoja na kapu lake na kipande cha nondo kilichonolewa ncha. Mama alinifundisha kwamba pweza ni mtu mchafu, anakula ndani na kutupa makombe mlangoni, kwa hiyo usimtafute yeye, tafuta jalala lake. Alinifundisha pia jambo moja ambalo nikilisahau nilipata kofi la mgongoni: ukifunua jiwe, lifunike kama ulivyolikuta. Chini ya jiwe kuna vitu vimelala kivulini, na ukiliacha limekaa tumbo juu, vyote vinakufa kwa jua. "Umeacha mlango wa watu wazi," alikuwa ananiambia, na nilirudi kuufunga huku nikinuna.

Kisha wakaja watu wa mradi wa uvuvi, na mkutano ukaitwa mbele ya msikiti. Walisema pweza anakua haraka sana akiachwa, kwa hiyo ghuba ifungwe miezi mitatu, asiingie mtu. Wanaume walikubali upesi, kama watu waliokwisha zungumza nyumbani. Mama akasimama. Naikumbuka sauti yake vizuri kwa sababu mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Mkifunga ghuba, nyie wenye vyombo mtavua wapi?"

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Fadhili, mtu mpole, akajibu, "Tutatoka nje, kwenye maji makubwa."

"Na sisi wenye miguu?"

Mzee Fadhili akawageukia watu wa mradi.

"Basi semeni kweli. Mmefunga jiko letu, la kwenu mmeliacha wazi."

Aliyemtuliza alikuwa Bi Somoe, jirani yetu, mkubwa wa wanawake wote wa mwambani. "Zuhura mwanangu, kaa. Mimi nimeanza kuchokonoa mashimo haya hujazaliwa. Zamani pweza mmoja alinichosha kumbeba. Siku hizi najaza kapu na kapu halina uzito. Tuwaache wakue."

"Ukisema wewe, Bi Somoe, nimekubali," alisema mama. "Lakini wakiingia wao, asije mtu akaniambia ninyamaze."

Sheria ikasomwa: atakayeonekana ndani ya ghuba, awe mwanamume au mwanamke, hataukanyaga mwamba mwaka mzima. Hata mimi nilielewa maana yake kwetu. Mama bila mwamba ni mama bila chakula, na mama bila chakula ni mimi kurudi Rutamba.

Wakachimbia miti kuizunguka ghuba, upande wa ufukwe na upande wa bahari, na kila mti wakaufunga kitambaa, chekundu au cheupe, kikapepea. Nilipoviona vitambaa vile mwili ulinisisimka. Nyuma ya shamba la bibi kulikuwa na kichaka chenye mti uliofungwa vitambaa hivyohivyo. Pale palikuwa pa mizimu na majini. Watoto hatukuruhusiwa hata kuokota korosho iliyodondokea kule. Mvulana wa jirani aliwahi kuingia akimfuata mbuzi, akaugua, na hazikupita siku nyingi akazikwa. Bibi alitupeleka kutuonyesha kaburi. Leo najua kwamba homa haiangalii vitambaa. Wakati ule nilijua kinyume chake, na nilijua kwa uhakika. Nikaelewa kila kitu: watu wazima wameikabidhi ghuba kwa majini, na anayepita ile miti anakufa. Sikumuuliza mtu yeyote, kwa sababu bibi alitufundisha kwamba mambo ya namna ile hayaulizwi.

Miezi ile tulikula muhogo. Tulikula muhogo wa kuchemsha, muhogo wa nazi, na uji wa muhogo, na siku nyingine tulikula uji tu na kulala mapema ili usiku upite. Mama alisuka ukili mpaka vidole vikapasuka, akalima vibarua kwenye mashamba ya watu. Habari zina miguu, zilifika Rutamba. Baba akampigia simu Mzee Fadhili, akasema Ijumaa ya kwanza baada ya ghuba kufunguliwa atakuja aone mwenyewe, na akikuta mtoto amekonda anaondoka naye. Mama alipoletewa ujumbe alikuwa anapepeta unga. "Atakuta sufuria imejaa," alisema, na akaendelea kupepeta. Tangu siku hiyo alihesabia kila kitu kwenye siku ya ufunguzi, na nilimsikia akiyataja mashimo yake polepole kama mtu anayekariri sura.

Halafu asubuhi moja ya bamvua akaniambia, "Mimi nakwenda kuchimba muhogo. Kaa kwa Bi Somoe." Nilimpa Bi Somoe shikamoo, nikakaa barazani kwake, kisha nikaona jembe letu limeegemea ukuta wetu. Mtu anayekwenda kuchimba muhogo haachi jembe. Mimi nilikuwa mtoto aliyewahi kuachwa mara moja, na sikuwa tayari kuachwa mara ya pili. Nikateremka nyuma yake.

Alikuwa anapita kando ya mikoko, ameinama, kama asiyetaka kuonekana. Akaifikia miti ya vitambaa. Akapita. Nilibaki nimesimama kwenye mchanga mdomo wazi. Alikwenda mpaka katikati ya ghuba, akaanza kuinama hapa na pale, anashika mawe, anayageuza, anayabonyeza chini kwa mikono miwili, na midomo yake inakwenda bila kunyamaza. Nilijua anachofanya. Majini wametoka, na mama anawarudisha ndani na kuwafunika mmoja mmoja huku anawasomea. Na walikuwa wengi, na yeye alikuwa peke yake, na maji yalikuwa yameanza kurudi.

Nilipiga ukelele. "Mama! Toka! Mama anakufa jamani!" Milango ikafunguka nyuma yangu, nikasikia watu wanakuja mbio. Sikuwangoja. Nilipofika kwenye mti wenye kitambaa chekundu nilifumba macho, nikapita, nikaendelea kukimbia. Mwamba ulinikata nyayo zote mbili na sikusikia maumivu mpaka baadaye. Nikaishika kanga ya mama, nikaivuta kwa nguvu zangu zote.

"Umefuata nini huku?" alisema. Hapo ndipo alipoinua kichwa na kuona kitongoji kizima kimesimama ufukweni.

Tulipotoka ghubani walituweka katikati pale pale mchangani, mimi na yeye, tumelowa. Mjumbe mmoja wa kamati ya kitongoji, mwenye ngalawa nzuri kuliko zote, ndiye aliyeanza. "Si huyu aliyekuwa anapiga kelele mkutanoni? Mimi nilijua. Sheria ni sheria, mwaka mzima." Watu wakaguna. Nikamwona mama anabana meno. Hakunitazama, na nikadhani hatanitazama tena.

Mzee Fadhili akauliza, "Zuhura, ulifuata nini ndani?"

"Mawe yamefunuliwa. Tangu juzi nayaona, maji yakikupwa yanaonekana kutoka hapa, yamelala tumbo juu. Kuna mtu anaingia. Nimekwenda kuyafunika."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Ningekuja, mngesema mimi ndiye niliyefunua. Si mnavyosema sasa?"

"Na nondo yako iko wapi?" aliuliza yule mjumbe. "Umeitupa majini ulipoona watu?"

"Iko darini kwangu. Nenda kaichukue, uje nikuonyeshe inavyotumika."

Watu wakacheka kidogo, lakini kilikuwa kicheko cha wasiomwamini. Bi Somoe hakucheka. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Mwanangu, wewe ulimwona tangu mwanzo. Alikuwa anafanya nini?"

"Mwacheni mtoto," alisema mama.

Nilikuwa na jibu, na nililijua kuwa la kweli. "Alikuwa anawafungia majini wasitoke."

Hapo walicheka kweli. Bi Somoe akainua mkono wakanyamaza. "Anawafungia vipi? Nionyeshe."

Palikuwa na kifuu mchangani, kimelala mdomo juu. Nikakigeuza kikafunika, nikakibonyeza kwa mikono miwili kama nilivyoona. "Hivi. Nyumba zao zote zilikuwa wazi. Yeye alikuwa anafunika. Hakufungua hata moja."

Bi Somoe alinyooka polepole, mkono kiunoni. "Mtoto huyu angefundishwa uongo," alisema, "asingefundishwa huu." Kisha akafunga kanga yake vizuri, akaita wanawake wengine wa mwambani, wakaingia ghubani kuangalia kabla maji hayajajaa. Walirudi wamelowa mpaka kifuani. "Mawe ya karibu yamefunikwa, kweli. Yaliyobaki wazi yako ng'ambo ya mkondo usiokauka. Kule tangu nizaliwe sijafika kwa miguu, na Zuhura hajafika. Kule anafika mwenye chombo." Hakutaja jina. Yule mjumbe alikumbuka kwamba ana nyavu za kushona, akaondoka.

Basi Mzee Fadhili akasema mama hana kosa, kisha akafanya jambo ambalo wanaume wengine hawakulipenda. Alisema ghuba inahitaji mlinzi mwenye macho na mdomo, na kwa vyote viwili hamjui mtu wa kumshinda Zuhura. Tangu siku ile mama alisukia ukili ufukweni, na ngalawa ikisogelea ile miti alikuwa anasimama na kuwataja waliomo kwa majina yao na ya baba zao, kwa sauti ya kufika msikitini. Hakuna aliyeingia tena. Kuhusu majini mama hakuniuliza chochote; aliona ni mambo ya watoto. Nami sikumweleza. Nilijua tumepona kwa bahati, na bahati haijaribiwi mara mbili.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumatano. Ijumaa ndiyo siku ya baba. Wanawake walijipanga mbele ya miti na makapu yao, nondo mkononi, wanataniana kwa wasiwasi, maana kila mmoja alijua kwamba wa kwanza kufika ndiye anayechukua wakubwa. Mama alikuwa mbele ya wote. Uso wake ulikuwa mkavu kwa njaa na kwa kutolala, na kidole cha mguu wake kilikuwa kinagusa mstari. Mzee Fadhili akaomba dua, akang'oa mti wa kwanza, na wanawake wakaondoka kwa kelele.

Mama alinishika mkono akavuta. Sikwenda. Akavuta tena, nami nikachimbia visigino mchangani.

"Twende! Wanatupita!"

"Mimi siendi."

"Una nini wewe?"

"Ukipita vitambaa unakufa." Mti mmoja tu ndio ulikuwa umeng'olewa, mingine yote ilikuwa bado inapepea, na nilianza kulia. "Kwa bibi kuna vitambaa hivihivi. Kijana aliingia akafa. Nimeliona kaburi."

Alitaka kucheka, niliona. Wanawake walikuwa wanatupita kushoto na kulia, maji yanaruka, wengine wamekwisha fika mwambani. Kisha kicheko kikamwishia usoni.

"Siku ile," alisema. "Siku ile uliponifuata, ulipita hapahapa."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua utakufa?"

"Ndiyo."

"Sasa ulipita kwa nini?"

Nililishangaa swali lenyewe. Nilidhani watu wazima wanajua mambo kama hayo. "Si wewe ulikuwa kule," nikamwambia.

Mama aliachia nondo ikaanguka mchangani. Akachuchumaa mbele yangu, akanishika uso kwa mikono yake iliyopasuka, akanitazama muda mrefu, kama mtu anayeangalia kitu ambacho alikuwa nacho ndani ya nyumba siku zote na hakukiona. Kutoka mwambani Bi Somoe alikuwa anaita, "Zuhura! Njoo, wanakumalizia! Zuhura!"

"Waache wamalize," alisema mama, lakini alisema kwa sauti ndogo, kwangu mimi. Akanifuta makamasi kwa ncha ya kanga. "Sikiliza. Ijumaa baba yako akija, mimi sitamwonyesha sufuria. Nitamwambia haya uliyoniambia sasa hivi. Sina jingine la kumwambia."

Tulikaa pale mpaka mwanamke wa mwisho akapita, kisha akanibeba mgongoni, mimi niliyekuwa mkubwa wa kutembea, tukaingia wa mwisho kabisa. Baba alikuja Ijumaa baada ya sala. Mama alimkaribisha mkekani, akampa maji ya kunawa, akamwambia yale niliyomjibu ufukweni. Baba alinitazama, akatazama nyayo zangu zenye makovu mapya, akala alichopewa, na kabla ya Alasiri akaondoka peke yake.